Neno Lililomfukuza Mama Kariuki

Mnaniuliza kila mara, ninyi mnaoanza kazi ya kutafsiri, Kizungu changu nilikisomea wapi. Jibu langu huwa haliwafurahishi: nilikisoma kwa kuaibika. Na sikuaibishwa na maneno magumu. Neno gumu lina adabu. Ukikutana nalo linakusimamisha mlangoni, unafungua kamusi, unauliza. Mimi nimeaibishwa na maneno niliyodhani nayajua tangu darasa la tano.

Nilifanya kazi miaka kumi na minane River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba na misumari. Chumba kilikuwa cha mpiga chapa, mimi nilipanga kona yenye dirisha. Nilianza na taipureta, baadaye ikaja kompyuta iliyochukua dakika kumi kuamka, na ikiamka kabla stima haijapotea unamshukuru Mungu. Wateja walipanda ngazi na kila aina ya karatasi: wosia, barua za mashamba, barua za shule, taarifa za polisi, na zaidi ya yote, vitabu vya matanga, vile vidogo vyenye picha ya marehemu na historia yake. Kiswahili na Kiluhya vilikuwa vyangu. Kikuyu kilikuwa cha Mzee Gathogo.

Huyu Mzee Gathogo alikuwa mkalimani wa korti mpaka alipostaafu. Alivaa koti la sufu hata kwenye jua la Februari, na alikuwa na kidole kimoja cha shahada kilichopinda, ambacho alikiweka juu ya neno kama mtu anayemkanyaga siafu. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Rebeka, nimeazima jembe. Jembe liko wapi?"

"Kwako, mzee."

"Kwa nini kwangu? Na kama jirani ndiye alikuja kuliazima, nikampa?"

Ni kweli. Anayechukua huazima na anayetoa huazima. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Neno moja, jembe lina boma mbili. Na hicho ni Kiswahili chako ulichonyonya. Sasa ngoja Kizungu."

Kizungu hakikuchelewa. Mwaka wangu wa pili ililetwa historia ya shemasi mmoja marehemu, imeandikwa na mwanawe aliyesomea ng'ambo. Ilisema kanisa lao lilipita katika magomvi makubwa, na kwamba mwishowe "only Deacon Shadrack left". Mimi nikaandika bila kupepesa jicho: Shemasi Shadrack peke yake ndiye aliyeondoka. Vitabu mia tatu vikachapwa, vikapelekwa kaburini. Jumatatu asubuhi wakapanda ngazi wajane wawili wa kanisa lile na miavuli yao, na miavuli haikuwa ya mvua. Shemasi hakuondoka. Shemasi ndiye peke yake aliyebaki, alifagia kanisa lile tupu miaka minne mpaka watu wakarudi. Mimi nilikuwa nimemfanya msaliti mbele ya jeneza lake.

Mpiga chapa aliwatuliza kwa kuchapa upya bila malipo. Mzee Gathogo alingoja mpaka walipotoka. Kisha akaniambia nifungue daftari, niandike neno "left", na chini yake niache nafasi ya mengine. Yalikuja mengi. Kuna neno la kupangusa vumbi ambalo pia ni la kunyunyizia unga. Kuna la kuidhinisha ambalo pia ni la kuadhibu. Kuna la kuonyesha watu filamu ambalo pia ni la kuficha kitu nyuma ya pazia. Mzungu ameyazoea hayo, anayapita kama mtu anavyolipita shimo la mlangoni kwake gizani. Mgeni ndiye anayevunjika mguu.

Nawaambia haya ya Shemasi kwa sababu yanachekesha, na kwa sababu yule alikuwa amekwisha kufa. La pili halichekeshi.

Nilikuwa nikiishi Kangemi. Asubuhi nilipanda mlima hadi barabara kuu pamoja na mama mmoja wa ploti ya pili kutoka kwetu, Hana Wanjiru, ambaye sote tulimwita Mama Kariuki. Mimi nilienda zangu mjini, yeye aliendelea kwa miguu hadi Muthangari, kwenye nyumba moja ya kulea wazee. Alikuwa amefanya kazi huko miaka kumi na minne. Aliwaogesha wazee, akawakata kucha, akawalisha uji, na njiani alinisimulia habari zao kama mtu anayesimulia watoto wake. Aliyemsimulia zaidi alikuwa Mwalimu Zakayo, mwalimu mkuu mstaafu aliyepooza upande mmoja. Mwalimu alikataa kuogeshwa na mtu mwingine yeyote. Alimwita Mama Kariuki monita, kama kiranja wa darasa.

"Leo amenisahihisha," angeniambia. "Nimesema maji imepoa, akasema, monita, maji yamepoa. Povu liko kichwani, bado anasahihisha tu."

Shida ya nyumba ile ilikuwa mtambo wa kuchemshia maji. Ulikuwa umezeeka, na mfereji wa bafu la wanaume ukafika mahali hauaminiki. Unafungua maji yanatoka vuguvugu, ghafla yanatoka yanayochemka. Mama Kariuki alimwambia meneja. Akaandika pia katika kitabu cha zamu, kile ambacho wafanyakazi huandika yaliyotokea kabla ya kupokezana kazi. Aliandika mara tatu kwa Kiswahili, kwa sababu Kizungu chake kiliishia kwa salamu.

Asubuhi moja alikuwa amemkalisha Mwalimu kwenye kiti cha bafu, amepima maji kwa kiwiko, amefunga mfereji. Nesi akamwita kutoka chumba cha pili: bibi mmoja ameanguka, njoo tumwinue. Akaenda. Anasema haikufika dakika mbili. Mfereji ule ukafyatuka wenyewe. Mzee aliyepooza hawezi kuruka. Mama Kariuki aliposikia kelele, alikuwa tayari amechelewa. Mwalimu Zakayo aliungua mapaja na tumbo, na siku ya tisa akafariki hospitalini.

Wiki mbili baadaye, tarishi wa wakili wa nyumba ile alipanda ngazi zetu na bahasha. Ofisi ya wakili ilikuwa Kilimani, katika moja ya zile ghorofa mpya za vioo. Ndani mlikuwa na maelezo ya Mama Kariuki, kurasa mbili za Kizungu alizoandikiwa na wakili baada ya kumhoji, nizitafsiri ili aelewe kabla ya kutia sahihi. Mama Kariuki mwenyewe ndiye aliyewaambia waniletee mimi. Alisema kuna mama wanayejuana, hawezi kumdanganya.

Nilisoma. Maelezo yalikuwa sawa mpaka ukurasa wa pili, katikati. Hapo paliandikwa: "I acknowledge my oversight of the bathroom on that morning."

Sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo sababu ya mimi kuwakalisha hapa. Hilo neno, oversight, lina nyuso mbili. Uso mmoja ni usimamizi: kuangalia kitu kiende sawa. Uso wa pili ni kinyume chake kabisa: kutoangalia, kughafilika, kuacha jambo likupite. Mtu mwenye oversight ya bafu huenda ndiye aliyelilinda, au huenda ndiye aliyelisahau. Na sentensi ile ilikuwa imesimama katikati kama mtu aliyepanua miguu juu ya mtaro.

Nililiona. Sitawadanganya kwamba sikuliona. Mzee Gathogo alikuwa ameenda Murang'a kwa mazishi ya shemeji yake, kwa hiyo nikainua simu mwenyewe nikapiga Kilimani. Karani akaniunganisha na wakili, kijana mwenye sauti ya upole.

"Madam, hiyo ni kawaida tu," akasema. "Si yeye ndiye alikuwa incharge wa bafu?"

"Ni yeye."

"Basi. Andika hivyo."

Hakusema ni usimamizi. Nendeni mkayapime maneno yake upya, hamtalipata. Mimi ndiye niliyelisikia, kwa sababu nilitaka kulisikia. Niliwaza: hatimaye wameona, miaka kumi na minne, leo wameandika kwamba huyu mama alikuwa msimamizi. Nikaandika, "Ninakiri usimamizi wangu wa bafu asubuhi hiyo." Ilipendeza. Nikagonga muhuri chini, kwamba mimi Rebeka nathibitisha tafsiri hii ni kamili na ya kweli.

Mama Kariuki alikuja saa ya chakula cha mchana akiwa amevaa nguo ya kanisani. Nikamsomea yote kwa sauti.

"Hiyo ya usimamizi inasema nini?" akauliza.

"Inasema wewe ndiye ulikuwa unasimamia bafu."

"Ni ukweli." Akachukua kalamu. Alitia sahihi pale pa Kiswahili, kisha pale pa Kizungu, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule.

Mzee Gathogo aliporudi nilimwonyesha nakala, kwa majivuno kidogo. Akaweka kile kidole kilichopinda juu ya neno. Akavua miwani.

"Ulimuuliza?"

"Nilimpigia simu."

"Simu haina sahihi, Rebeka. Ungemwandikia barua, ungesema neno lenu lina maana mbili, chagueni moja mtie sahihi. Wangechagua gani? Hilo ndilo swali. Piga simu leo, karatasi irudishwe."

Ilikuwa Ijumaa. Nilisema nitapiga Jumatatu. Jumatatu nikapiga, karani akasema wakili hayuko. Nikasema nitapiga tena. Nilikuwa na kazi nyingi, na ndani yangu kulikuwa na sauti inayosema mzee huyu anaona nyoka kila mahali, korti zimemharibu. Sikupiga tena. Alhamisi nyumba ile ya wazee ilifanya kikao juu ya kifo cha Mwalimu.

Mkitaka kujua kazi yetu inakaa wapi, inakaa hapo, kati ya Jumatatu na Alhamisi. Kujua lugha si kitu. Siku hizi simu iliyo mfukoni mwako inajua lugha kuliko mimi, inakutolea ukurasa mzima kabla hujapiga chafya. Ila haitarudi mara ya pili kwa wakili kumsumbua. Nami pia sikurudi, kwa hiyo sina cha kuicheka.

Niliitwa kwenye kikao kama mkalimani. Kilifanyika Muthangari, katika chumba cha kulia cha wazee, meza zimesukumwa pamoja. Meneja alikaa katikati, wakili kando yake na watu wawili wa kamati. Upande wa pili alikaa Edna, bintiye Mwalimu Zakayo, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ofisini mjini. Alipoingia alimshika Mama Kariuki mkono kwa mikono yake yote miwili. Walijuana miaka mingi. Jumapili Edna alipokuja kumwona babake, Mama Kariuki ndiye aliyempa habari za wiki.

Wakasoma ripoti. Nikatafsiri. Mtambo wa maji ulitajwa mara moja tu, kwamba ulikuwa mzee. Kisha wakili akainua maelezo yale, akamgeukia Edna, akasoma kwa Kizungu. Hakusoma sentensi nzima. Alisoma "I acknowledge my oversight", akafika hapo, akakunja karatasi. Bafu hakulitaja. Neno lilipobaki bila bafu lilikuwa na uso mmoja tu, ule wa kughafilika.

Nilimwona Edna akiutoa mkono wake juu ya meza.

Nikasimama. "Samahani," nikasema. "Sentensi inaendelea. Na hilo neno lina maana mbili. Katika Kiswahili niliandika usimamizi."

Wakili hakukasirika. Natamani angekasirika. "Madam," akasema, "umeletwa hapa kutafsiri, si kutoa ushahidi. Huu ni muhuri wako?"

"Ni wangu."

"Unathibitisha tafsiri ni kamili na ya kweli?"

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Ningesema hapana, nimeharibu kazi yangu na jina la duka. Ningesema ndiyo, nimesema uongo. Kulikuwa na jambo la tatu, kusema niliuliza, wewe ukanijibu hivi na hivi, na niandike hapo hapo barua ya kuiondoa tafsiri yangu. Nililifikiria jambo hilo jioni nikiwa nyumbani. Pale chumbani nilisema, "Nathibitisha." Nikaketi.

Meneja akasoma uamuzi. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Kiswahili, ni mimi niliyemgeukia jirani yangu na kumwambia, "Wanasema kwa kukiri mwenyewe kwamba hukuangalia, umeachishwa kazi kuanzia leo."

Mama Kariuki alinitazama mimi, si meneja. "Mama Nafula," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wangu kama kila asubuhi kule mlimani, "si ulinisomea ni kusimamia?"

"Nilikusomea hivyo."

"Sasa kuangalia kumetoka wapi?"

Wakili akaniuliza amesema nini. Nikamwambia, "Anauliza swali kuhusu neno." Akasema swali litajibiwa kwa maandishi. Edna akainuka akatoka. Alipita nyuma ya kiti cha Mama Kariuki bila kumgusa, na Mama Kariuki akageuza kichwa kumtazama mpaka mlangoni.

Nilienda Kilimani wiki iliyofuata. Nilivaa vizuri, nikabeba kamusi mbili. Wakili alinikaribisha, akanipa kiti, akaniita mama. Nikamwonyesha neno kwenye kamusi zote mbili, maana ya kwanza na maana ya pili. Akatikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Ndiyo maana huwa tunaweka kifungu cha mwisho."

Akanifungulia ukurasa wa pili. Pale chini paliandikwa kwamba Kiswahili kikitofautiana na Kizungu, Kizungu ndicho kitakachofuatwa. Kilikuwa kimetafsiriwa vizuri sana kifungu kile. Mtafsiri alikuwa mimi.

Kwa hiyo nikaenda mahali nilipopaswa kwenda kwanza. Mama Kariuki alikuwa nje ya mlango wake anafua. Katika kutafuta kazi, barua ya kufukuzwa alikuwa ameshaipeleka nyumba tatu za wazee na kwa familia mbili za Lavington, wakaisoma, wakamrudishia. Ilikuwa na neno lile. Kanisani, wale kina mama waliokuwa wakimwita aende kuwaogeshea wagonjwa walikuwa wameacha kumwita. Hawakusema kwa nini.

Nikamweleza kila kitu. Nyuso mbili za neno, simu, Ijumaa, Jumatatu. Nikamwambia nisamehe.

Akakamua shati, akalitundika. "Nisamehe kwa Kizungu," akasema. "Hiyo ndiyo inahesabiwa."

Nikasimama pale na mkoba wangu.

"Hawa watu sikuwaamini," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Huyo wakili nilimwona tu, nikajua. Nilisema wampelekee Mama Nafula. Wewe ndiye ulijua Kizungu na ulinijua mimi. Sasa hiyo kujua ilinisaidia nini?"

Mzee Gathogo, nilipomsimulia, hakunipiga maneno. Aliuliza kitu kimoja tu. "Alisema aliandika juu ya maji. Kitabu kiko wapi?"

Kitabu kilikuwa Muthangari, na mimi nisingefunguliwa geti. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye wangemfungulia. Nikamtafuta Edna ofisini kwake, karibu na Moi Avenue. Aliniacha nimesimama mbele ya meza yake.

"Wewe ndiye ulithibitisha," akasema.

"Ndiyo. Nilithibitisha kitu ambacho hakikuwa kweli. Nimekuja kwa sababu kuna kitabu cha zamu. Mama Kariuki aliandika mara tatu kwamba yale maji yatamchoma mtu. Wewe ni mtoto wa marehemu, ukikiomba watakupa."

Akaweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, "Mara tatu?"

Walimpa nakala bila shida yoyote. Nadhani hakuna aliyejali kurasa zenye mwandiko wa penseli na Kiswahili cha Kangemi. Edna alizileta River Road mwenyewe, akapanda ngazi zile akiwa amevaa viatu vya ofisi. Zilikuwa tatu kweli. Ya kwanza: maji ya bafu ya wanaume inachoma, fundi aitwe. Ya pili: maji bado inachoma, nimeambia meneja. Ya tatu ilikuwa siku sita kabla ya ajali, na hapo alikuwa amejaribu kujisahihisha, amekata neno moja na kuandika lingine juu yake: maji yanachoma, tafadhali, kuna siku yataumiza mtu.

Edna alipoona lile neno lililokatwa alifunika uso. Alijua nani aliyemfundisha.

Hii kazi niliifanya jinsi ninavyotaka ninyi mfanye kazi zenu zote. Nilitafsiri kwa Kizungu, kisha nikampa Mzee Gathogo Kizungu peke yake bila kumwonyesha kitabu, akakirudisha kwa Kiswahili kwa mwandiko wake. Tukaweka karatasi zote tatu sambamba, tukazisoma mstari kwa mstari kwa sauti, na kila mahali ambapo Kiswahili chake hakikulingana na cha Mama Kariuki tulivunja Kizungu changu tukaanza upya. Tulimaliza siku mbili kwa sentensi tatu. Mpiga chapa alituona wendawazimu. Ndipo nikagonga muhuri. Edna akaambatisha barua yake: anataka nyumba ile iandike kwamba Mama Kariuki hakuwa na kosa, na barua ya kufukuzwa ifutwe.

Tulingoja miezi miwili. Jibu lilipokuja, Edna alinipigia simu, akasema twende Kangemi pamoja. Hakutaka kuniambia linasema nini. Nililisoma tukiwa tumesimama kando ya barabara, kabla ya kuteremka.

Mama Kariuki alikuwa ndani, anaambua minji, njegere mbichi, kwenye karai. Alimwona Edna mlangoni akainuka nusu, kisha akaketi tena. Edna akaanza kulia kabla ya kusema pole. Akasema alipaswa kuuliza siku ile, alipaswa kubaki chumbani. Mama Kariuki alisikiliza huku anatazama minji.

"Mwalimu alikuwa anaongea juu yako kila Jumatatu," alimwambia mwishowe. "Umevaa nini, umekula nini." Kisha akanitazama mimi. "Hiyo karatasi ni ya nini?"

"Wamejibu."

"Soma. Kwa Kiswahili."

Sasa nilikuwa nimeshafundishwa, kwa hiyo nilisoma taratibu. "Wanasema wanasikitika. Wanasema, kwa kughafilika, yaliyoandikwa katika kitabu hayakushughulikiwa. Wanasema wanaona jambo hili limekwisha. Barua yako ya kufukuzwa inabaki vile ilivyo."

"Hiyo kughafilika kwa Kizungu ni nini?"

Nilitamani kuwa na neno lingine. "Ni lile lile."

"Lile langu?"

"Lile lako. Oversight."

Alichukua ganda moja la minji, akalifungua kwa kidole gumba, likawa tupu, akalitupa. "Na hao," akauliza, "wamefukuzwa wangapi?"

Niliangalia karatasi ingawa nilijua idadi haimo. Edna ndiye aliyejibu. "Hakuna."

Mama Kariuki akatikisa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Akavuta karai karibu na miguu yake. Tulikaa pale labda nusu saa, mimi na Edna kwenye kochi, mikoba mapajani, tukisikiliza minji ikidondoka. Jiko lilikuwa linawaka na sufuria ilikuwa juu yake. Chai haikuja.